Machini ya Kauka na Batri za Mabanga

Mpigo unaosikika Mabanga kila Jumapili una mwenyewe. Ukipita asubuhi hiyo kati ya Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, utayakuta makanisa yamesimama juu ya mawe meusi ya volkano, mengi ya mbao na mabati, na karibu kila moja lina batri yake, yaani drams kwa ndugu zetu wa Tanzania na Kenya. Kwaya huanza polepole, kwa sauti nne. Kisha kiongozi anainua mkono, kijana aliye nyuma anavingirisha vijiti, mguu wake wa kulia unaanza kuikanyaga ngoma kubwa, na wimbo unatoka mbio. Hapo hata wazee wa kanisa huacha viti.

Mpigo huo ni cavacha. Kijana ameupata kwa kaka yake, kaka kaupata kwa jirani, jirani kausikia kwenye kaseti ya mjomba. Mwulize nani aliuanzisha, atakujibu kwamba ni mpigo wa Kongo, ni mali ya wote. Hapana. Aliyeupiga kwanza hadi nchi nzima ikaufuata aliitwa Meridjo Belobi, mpiga batri wa Zaiko Langa Langa. Kinshasa walimpa jina la utani Machini ya Kauka. Alifariki mwaka 2020, na hapa Mabanga siku ile haikutofautiana na nyingine. Waimbaji wakifariki, redio hulia wiki nzima. Mimi nimepiga batri katika mji huu tangu enzi za Zaire, nimewafundisha vijana wengi, na naandika haya kwa sababu sitaki mwanafunzi wangu hata mmoja aushike mpigo wa mtu asiyemjua.

Tuanze nyuma kidogo. Rumba ya Kongo haikuzaliwa na batri. Wakati Wendo Kolosoy anarekodi Marie-Louise mwaka 1948 katika studio ya Ngoma mjini Léopoldville, jina la Kinshasa wakati huo, mapigo yalikuwa ya vitu vidogo: chupa iliyogongwa kwa kijiti, maraka, na ngoma za mkono. Katika dansi ya maringa kulikuwa na patenge, ngoma ya fremu ya mbao ambayo mpigaji aliibana kati ya miguu, akaisukuma ngozi kwa kisigino ili sauti ipande na kushuka. Nalipenda sana jambo hilo la kisigino. Kabla batri ya kizungu haijatufikia, mpiga ngoma wetu alikwisha kujua kwamba mguu nao ni mkono.

Kisha zikaja bendi. Joseph Kabasele, Grand Kallé, aliunda African Jazz mwaka 1953. Tarehe 6 Juni 1956, katika OK Bar, ikazaliwa OK Jazz, ambamo mpiga gitaa Franco alikuwa bado kijana wa miaka kumi na minane hivi. Muziki wenyewe haukuwa jazi ya Marekani. Ulikuwa rumba iliyochota Cuba, kwa sahani za santuri zilizokuja na meli, na ambayo Cuba yenyewe iliichota kwetu karne kadhaa kabla, katika meli za watumwa. Walakini jina la Jazz lilibandikwa kwenye bendi zote zilizotaka kuonekana za kisasa, kutoka Léopoldville hadi Morogoro.

Katika bendi hizo mapigo yalibebwa na ngoma ndefu za mkono, tumba kama wenyewe wanavyoziita. OK Jazz ilikuwa na Saturnin Pandi na Nicolas Bosuma, aliyejulikana kwa jina la Dessoin. African Jazz ilikuwa na Pierre Yantula, Petit Pierre. Huyu Petit Pierre nataka tumtazame kwa karibu, maana alikuwepo mahali ambapo historia yetu yote ilipitia. Januari 1960 wanasiasa wa Kongo walikutana na Wabelgiji mjini Brussels, katika Mkutano wa Meza ya Duara, kujadili uhuru. Kabasele alipelekwa huko pamoja na wanamuziki wake: Docteur Nico na kaka yake Dechaud kwenye magitaa, Roger Izeidi, na wawili walioazimwa kutoka OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Mapigo yalikuwa ya Petit Pierre. Huko ndiko ulikozaliwa Indépendance Cha Cha, wimbo uliochezwa Afrika nzima mwaka ule wa uhuru. Mtoto wa shule hapa Goma atakutajia Kabasele, na akiwa msikivu atakutajia Nico. Aliyeushikilia mwendo wa cha-cha hiyo hamjui.

Mwaka huohuo jazi yenyewe ilitujia. Mwishoni mwa Oktoba 1960 Louis Armstrong alitua Léopoldville, wakambeba kwenye kiti cha kichifu mbele ya umati, kisha mwezi wa Novemba akaenda kupiga Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mji wa Waswahili wa Katanga, wakati huo ukiwa makao ya Tshombe, kiongozi aliyeitenga Katanga na Kongo. Nyuma ya Armstrong, kwenye batri, alikaa Danny Barcelona, kijana kutoka Hawaii. Katika jazi ya Wamarekani batri haikuwa chombo cha kusindikiza tu. Mpigaji aliachiwa jukwaa peke yake, wenzake wakanyamaza, akasema lake, na watu wakapiga makofi kwa ajili yake. Kwetu jambo hilo lilikuwa bado. Batri iliwekwa pembeni ya tumba, ikapigwa kwa adabu, isimfunike mwimbaji.

Adabu hiyo ilivunjwa na wanafunzi.

Zaiko Langa Langa iliundwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, na vijana ambao wengi wao walikuwa bado na madaftari mkononi: Jossart N'Yoka Longo, Papa Wemba aliyeitwa wakati huo Jules Presley, Evoloko Jocker, Manuaku Waku kwenye gitaa la solo. Walikuwa wamesikia rumba ya baba zao, na walikuwa wamesikia pia James Brown na wazungu wa gitaa la umeme. Wakafanya jambo ambalo wazee waliliona utovu wa heshima: waliondoa tarumbeta na saksafoni. Mahali palipokuwa pa shaba wakaweka magitaa matatu na batri, na batri hiyo ikaletwa mbele. Sehemu ya pili ya wimbo, sebene, ambayo zamani ilikuwa kipande kifupi cha gitaa, ikarefushwa hadi ikawa ndiyo wimbo wenyewe. Sasa sebene ndefu inahitaji injini. Ndipo akahitajika Meridjo.

Inasimuliwa kwamba bendi ilikuwa safarini upande wa pili wa mto Kongo, kuelekea Pointe-Noire, ndani ya treni ya Congo-Océan, reli ya kilomita mia tano na ushee ambayo Wafaransa waliimaliza mwaka 1934 kwa kazi ya shuruti na kwa maelfu ya maiti za Waafrika. Magurudumu yakawa yanagonga maungio ya reli, saa baada ya saa. Meridjo akausikiliza mlio huo, akaanza kuupiga kwa vidole, na Evoloko akauwekea sauti. Wengine husema treni ilikuwa ya nyumbani kabisa, ile ya Matadi, inayopita karibu na kartie ya Kauka katika komini ya Kalamu, jirani na Matonge, na ndiyo maana akaitwa Machini ya Kauka. Mimi sioni haja ya kuchagua. Mpiga batri hausikii mpigo mara moja. Anausikia utotoni dirishani, anausahau, na siku moja safarini mkono wake unaukumbuka.

Nieleze unavyopigwa, kwa wasiowahi kukaa kwenye kile kiti. Mguu wa kulia unakanyaga ngoma kubwa kila pigo, bila kuongeza, bila kupunguza, kuanzia mwanzo wa sebene hadi mwisho, na sebene inaweza kwenda dakika kumi. Kazi ya mikono iko kwenye ngoma ya nyaya, ile ndogo yenye nyaya za chuma zilizokaza tumboni. Hapo mapigo hayalingani na mguu: mengine yanaachana, mengine yanakimbizana, na ukisikiliza vizuri chini yake utalisikia lile pigo la clave la Wacuba, ila limekazwa na kuharakishwa. Mguu unasema jambo moja lisilobadilika, mkono unabishana nao. Ubishi huo ndio unaoinua kiuno cha mchezaji. Wanafunzi wangu hukosea jambo moja siku zote: wanaupiga kwa nguvu. Cavacha haitaki nguvu. Inataka kifundo cha mkono kilicholegea, kwa sababu mwenye kukaza mkono atachoka dakika ya tatu, na akichoka wimbo utashuka, na ukishuka wote watageuka kumtazama.

Mpigo huo ulipotoka Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1970 haukumaliza hata miaka michache kabla ya kufika kwetu mashariki na kuvuka mipaka. Wanamuziki wengi wa Kongo walikuwa njiani wakitafuta maisha. Baba Gaston, mtoto wa Lubumbashi, alipitia Dar es Salaam akahamia Nairobi mwaka 1975, na mwaka uliofuata vijana wake wakajitenga wakaunda Les Mangelepa. Super Mazembe nao walikuwa Nairobi. Samba Mapangala alipitia Uganda, akafika Kenya, na mwaka 1981 akaunda bendi aliyoipa jina Virunga, jina la milima hii hii ya moto inayotutazama sisi hapa Goma kila asubuhi. Cavacha ilikuwa ndani ya mizigo yao wote. Ikawa mapigo ya Nairobi, hadi bendi za Wajaluo za benga zikaichukua. Ndipo ikatokea kwamba sisi wa Goma, tuliokaa nchi moja na Meridjo lakini umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 na bila barabara ya kufika kwake, mara nyingi tuliusikia mpigo wake ukirudi kutoka Kenya, katika kaseti zilizoletwa na wafanyabiashara. Kinshasa ilitufikia kwa kupitia Nairobi.

Mimi niliujifunza hivyo, kwa kaseti. Aliyenifundisha alikuwa fundi wa magari aliyepiga batri usiku. Hakuwa na maneno mengi. Alinikalisha mbele ya redio, akanipa vijiti, akanionyesha mto wa kitandani wa kupigia, akasema: "Mdogo wangu, usimsikilize anayeimba. Msikilize anayemfanya aimbe." Vijiti vyenyewe vilitoka kwa mchonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Chukudu zetu huchongwa kwa mkaratusi, na vipande vinavyobaki, ukichagua kisicho na kifundo, vinatoa jozi nzuri, nzito kidogo. Bado natumia hivyo hivyo.

Batri ya Mabanga ni chombo cha kutunza kwa subira. Ngozi za plastiki zikipasuka hazipatikani kila siku, na zikipatikana bei yake inaweza kulisha nyumba mwezi mzima, kwa hiyo tumewahi kuwamba picha za eksirei za hospitali, nazo zinalia vizuri kuliko mtu anavyodhani, sauti kavu na kali inayofaa ngoma ya nyaya. Simbali nayo hupasuka ukingoni. Ukiuacha, ufa hutembea hadi katikati na simbali imekufa. Dawa yake ni kuufuata ufa kwa jicho hadi unapoishia, kutoboa tundu dogo pale pale kwenye ncha yake kwa keekee ya fundi wa vyuma, kisha kuulainisha ukingo wa tundu. Ufa ukikuta tundu unasimama. Simbali ninayoipiga ina matundu mawili ya namna hiyo na imevumilia miaka.

Imevumilia pia mambo mengine. Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, moto ulishuka ukapita uwanja wa ndege, ukakata katikati ya mji hadi ziwani, ukaliteketeza hata kanisa kuu la Wakatoliki. Tulijenga upya juu ya jiwe lilelile. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukafumuka tena usiku, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza redioni kartie kumi zihame mara moja. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwemo. Watu walijaa barabara ya Sake kwa miguu, magodoro kichwani. Batri nzima haibebeki. Nilichukua ngoma ya nyaya mgongoni na simbali nikazifunga katika kitenge cha mke wangu, naye hakuuliza kitu. Jumapili ile, Sake, katika kanisa lililojaa wakimbizi wa Goma, walikuwepo watu wa kwaya nne tofauti wasiojuana. Nilipoanza cavacha kwenye ile ngoma moja, waliimba pamoja bila mazoezi. Hawakuhitaji kuambiana waingie wapi. Mpigo uliwaonyesha mlango.

Tangu hapo tumeona makubwa zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulichukuliwa na waasi wa M23, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Mazoezi yetu yakawa mchana tu, maana usiku hakuna aliyetembea. Batri haikunyamaza.

Turudi kwa Meridjo. Alibaki Zaiko wakati wenzake wakiondoka makundi kwa makundi. Desemba 1974 Papa Wemba, Evoloko na wengine walitoka wakaunda Isifi Lokole. Yeye akabaki na N'Yoka Longo. Mwaka 1982 Zaiko wakawaleta jukwaani waatalaku, wale wapiga kelele wa sebene wenye maraka zilizotengenezwa kwa makopo ya dawa ya mbu, na kelele hizo zote zilikuwa zinapanda juu ya batri yake. Mwaka 1986 wakaenda hadi Japani. Mwaka 1988 bendi ikapasuka kwa mara nyingine kubwa, Familia Dei ikajitenga, na bado Machini ya Kauka akabaki. Waimbaji wa Kongo hujenga majina kwa kuhama. Yeye alilijenga lake kwa kukaa.

Lakini jina bila riziki ni kitu gani? Hapa ndipo roho yangu inapouma. Sheria ya haki za wasanii inamtambua mtunzi wa maneno na mtunzi wa melodi. Hao ndio waliojiandikisha katika shirika la hakimiliki, SONECA enzi za Zaire, na SOCODA siku hizi. Mpigo hauandikwi. Ukibuni wimbo mmoja uliopendwa, wanao watakula. Ukibuni mpigo unaobeba maelfu ya nyimbo, kutoka Kinshasa hadi Kisumu, kila mtu ataukopa na hakuna daftari la deni. Naelewa sababu yake: mpigo ukifungwa kwa sheria, muziki utakufa, kwa kuwa sisi wote tunaishi kwa kukopa mapigo. Sidai malipo. Nadai jina.

Aliyekaa kwenye kiti cha batri analijua tatizo hili. Mtazame Awilo Longomba. Ni mwana wa Vicky, yule aliyeimba Brussels mwaka 1960 huku Petit Pierre akipiga. Awilo alikuwa mpiga batri kwa miaka, akapiga Viva La Musica ya Papa Wemba na Loketo huko Paris, hodari kwelikweli. Nani alimjua nje ya wanamuziki? Katikati ya miaka ya 1990 akaviweka vijiti chini, akashika maikrofoni, na Coupé Bibamba ikamfanya nyota hadi Nigeria. Mtu yule yule, masikio yale yale. Alilazimika kusogea mita nne mbele ili aonekane.

Siku hizi vijana wa Goma wanatengeneza ngoma kwa kompyuta. Innoss'B, aliyezaliwa mji huu huu, ameupeleka muziki wetu mbali, na Yope aliyoirudia na Diamond Platnumz mwaka 2019 iliimbwa kila kona ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wangu wananiuliza, "Papa, batri itakufa?" Nawajibu kwamba kompyuta nayo ilifundishwa na mtu. Waongeze sauti, wasikilize chini ya zile nyimbo za kasi zinazotoka Kinshasa hadi leo, wataukuta mguu usiobadilika na mkono unaobishana.

Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Sherehe zilifanyika, hotuba zilitolewa, majina ya waimbaji na wapiga gitaa yalisomwa. Meridjo alikuwa kaburini mwaka mmoja na ushee.

Basi nina ombi kwa watu wa Mabanga, na kwa kila mwenye kwaya au studio anayesoma haya. Mnapotoa rekodi, andikeni jina la mpiga batri mahali pale pale mnapoandika la mwimbaji, kwa herufi za ukubwa uleule. Mkitangaza tamasha redioni, mtajeni. Na ninyi vijana mnaokuja kwangu na vijiti vya mkaratusi, kabla sijawaonyesha mkono unashikwaje nitawauliza majina matatu: Pierre Yantula, Saturnin Pandi, Meridjo Belobi. Asiyeyajua arudi nyumbani akayaulize, kisha aje tuanze.